Mwembe umejaa masizi? Usikimbilie dawa ya ukungu kwanza: jinsi ya kusoma alama za wadudu kwenye miti

Kila msimu utasikia mtu analalamika mwembe wake umegeuka mweusi. Majani meusi, vitawi vyeusi, hata maembe yenyewe yana weusi, basi mwenye mti anaenda duka la pembejeo anasema mwembe wangu una ukungu nipeni dawa, anapewa, anapiga, wiki mbili baadaye weusi uko pale pale na hela imeenda. Na hajakosea kabisa, ule weusi kweli ni ukungu, ila ni ukungu ambao hauli mti. Chukua jani moja, lowesha kidole, sugua. Kama weusi unatoka na chini yake jani ni kijani safi halina kidonda, basi huo ukungu umekaa juu juu tu na unakula sukari iliyodondokea hapo. Swali la kujiuliza ni sukari imetoka wapi.

Imetoka nyuma ya mdudu. Kuna wadudu wanaofyonza utomvu wa mti, na ule utomvu una sukari nyingi sana lakini protini kidogo, na mdudu anachohitaji ili akue ni hiyo protini. Kwa hiyo anafyonza na kufyonza mpaka apate protini ya kumtosha, na sukari iliyozidi anaitoa kama haja, tone kwa tone, inaanguka kwenye majani ya chini yake. Umeona hapo? Inaanguka CHINI yake. Ndiyo maana watu wanakagua jani lenye masizi hawaoni mdudu, wanasema hakuna wadudu hapa. Mdudu yuko juu. Inua macho, tafuta majani yaliyo juu ya yale meusi, yageuze, angalia kwa chini hasa pembeni ya mshipa mkubwa wa katikati, na hapo ndipo utawakuta vidung'ata wenye unga mweupe, au inzi weupe wanaoruka ukitikisa tawi, au vidukari wamejazana kwenye chipukizi, au wadudu gamba.

Hawa wadudu gamba ndio wanaowapita watu wengi maana hawafanani na mdudu kabisa. Hana miguu inayoonekana, hatembei, amejibandika kwenye jani au gome, unaweza kudhani ni sehemu ya mti. Mkwangue kwa ukucha. Akiacha majimaji yuko hai, akitoka ganda kavu tupu huyo alishakufa zamani, na hili lina maana kubwa kwa sababu maganda ya waliokufa yanabaki yameng'ang'ania mti kwa miezi, mtu anayaona anapiga dawa tena na tena anaua wafu. Na yale masizi pia hayaondoki siku wadudu wakiisha, yanabaki mpaka mvua iyaoshe au majani yapukutike, kwa hiyo usipime mafanikio kwa masizi ya zamani, pima kwa majani mapya yanayotoka. Yakiwa safi umeshinda.

Alama nyingine ya haraka ni sisimizi. Ukiona wamepanga mstari wanapanda na kushuka shinani, wafuate kwa macho mpaka juu, mara nyingi watakupeleka moja kwa moja kwa wafyonzaji, kwa sababu wanakwenda kunywa ile sukari na kwa malipo yake wanawafukuza wadudu wengine ambao wangekula hao vidung'ata.

Sasa kuna jambo moja ukilishika vizuri mengine yote yanakuwa mepesi, nalo ni kwamba alama inatokana na mdomo. Mdudu mwenye mdomo wa kutafuna anaacha pengo, kuna kipande cha jani hakipo. Mwenye mdomo wa kufyonza haondoi kitu, jani lipo lote ila limejikunja, lina madoa, lina vipele, linanata. Anayetoboa anaingia ndani ya shina, tawi, tunda au kokwa na wewe huku nje unaona tundu, unga wa mti, au utomvu unaovuja. Hizi familia tatu zinatibiwa tofauti kabisa, dawa ya kuua kwa kugusa haimfikii mdudu aliye ndani ya shina hata ukimwaga pampu nzima, ndiyo maana nasisitiza usome alama kabla hujafungua pochi.

Kwenye wafyonzaji kuna mengi, ngoja nikae hapo kidogo. Kuna hii ya mti kudondosha maji wakati wa jua kali, hakuna wingu, lakini chini pameloa, na watu wanaanza kusema mti unalia au ni muujiza na wengine wanakinga ndoo. Angalia matawini utaona mafungu ya povu jeupe. Ndani ya povu kuna tunutu, watoto wa mdudu mfyonzaji, na hawa hawafyonzi ule utomvu wenye sukari, wanafyonza maji yanayopanda kutoka mizizini ambayo yana chakula kidogo mno, kwa hiyo inabidi wapitishe maji mengi sana mwilini ili washibe. Yale maji wanayoyatoa wanayachanganya na hewa yanakuwa povu, linawakinga na jua na maadui, na wakiwa wengi kwenye tawi moja ndiyo yanadondoka. Huko kusini mwa Afrika kuna mti unaoitwa kabisa mti wa mvua kwa sababu ya hili. Kwa kawaida mti haufi, waache tu wamalize wataruka waende zao.

Tuje kwenye michungwa, na hapa wakulima wa machungwa wa Muheza, Tanga, naomba mnisikilize kwa makini. Ukiona majani machanga ya mchungwa au mlimao yana vipele upande wa juu, yageuze. Chini ya kila kipele kuna kishimo na ndani ya kishimo amekaa kidudu bapa, ametulia anafyonza. Mkubwa wake ana mabawa na hafiki hata milimita 5. Vipele vyenyewe si tatizo kubwa, tatizo ni kwamba huyu mdudu anabeba ugonjwa wa michungwa ambao hauna tiba, ule unaofanya machungwa yabaki madogo, yamepinda upande mmoja, chini hayaivi yanabaki ya kijani na ladha ni chungu. Huyu wa vipele ni wa hapa hapa Afrika na anapenda zaidi sehemu zenye ubaridi. Ila kwenye miaka ya 2010 akagunduliwa Tanzania ndugu yake kutoka Asia, huyo joto halimsumbui, haachi vipele vya namna hiyo, na utamtambua kwa mkao wake maana anapofyonza anainamisha kichwa na kuinua makalio juu. Jani lililopata ugonjwa lina madoa ya njano yasiyolingana, yaani ukilikunja katikati upande wa kulia na wa kushoto haufanani. Jani lenye upungufu wa mbolea kwa kawaida linapauka sawasawa pande zote mbili. Tofauti hiyo ndogo inaweza kukuepusha kung'oa mti uliokuwa unadai mbolea tu, au kinyume chake, kuumwagia mbolea mti ambao umeshakuwa hatari kwa shamba zima.

Kule Mtwara na Lindi kuna mbu wa mikorosho. Jina linapotosha kidogo kwa mgeni, huyu hang'ati watu, ni mdudu mwembamba mwenye miguu mirefu na papasi ndefu, yaani zile pembe nyembamba za kichwani, na ukimwangalia kwa karibu mgongoni ana kijiti kimesimama chenye kinundu nchani, ukiona hicho kijiti umeshamjua. Anadunga chipukizi laini na mate yake ni sumu kwa mti, pale alipodunga panakufa panakuwa peusi. Kwenye jani unapata madoa yenye kona kona, kwenye kitawi cha kijani unapata vidonda virefu vyeusi, halafu ncha inakauka kurudi nyuma. Wengi wanasema ni ugonjwa, na kweli vimelea vya ugonjwa vinaweza kuingia kupitia vidonda hivyo hivyo, lakini ukitaka kujua nani alianza nenda asubuhi mapema au jioni, mchana wa jua anajificha ndani ya majani. Na tafadhali salfa ni ya ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, huyu haimhusu. Kipindi cha kumwinda ni pale mvua zinapokata na mikorosho inaanza kutoa majani mapya, ukisubiri mpaka uone ncha zimekauka shamba zima ameshakula.

Wanaotafuna sitakaa nao sana maana wanajitangaza wenyewe. Viwavi, panzi, mbawakavu. Kinachosaidia ni kuangalia chini ya mti badala ya juu, kwa sababu kiwavi anakula anatoa choo, anakula anatoa choo, na vile vidonge vyake vinaanguka. Vikiwa vya kijani na vina unyevu yuko hapo juu sasa hivi, vikiwa vikavu vya kahawia pengine alishaondoka. Tandika shuka jeupe au gunia usiku mmoja asubuhi utajua. Na kama majani yanaliwa lakini mchana huoni kitu, rudi na tochi saa tatu usiku, mbawakavu wengi wanakula gizani. Kwenye mlimao ukiona kitu kama mavi ya ndege juu ya jani, kiguse taratibu na kijiti, kikitoa vipembe viwili vya rangi ya chungwa na harufu kali basi huyo ni kiwavi wa kipepeo, akikua anakuwa wa kijani. Mti mkubwa unavumilia, ila kwenye kitalu anaweza kumaliza mche kwa siku chache, mtoe kwa mkono inatosha. Ukikuta jani limekatwa nusu duara safi kabisa pembeni hilo ni la nyuki fulani wanaokata vipande vya majani kujengea viota, hawali jani, waache. Na zile njia za rangi ya fedha zinazozunguka zunguka ndani ya jani changa la mchungwa ni kibuu kidogo kinatembea kati ya ngozi ya juu na ya chini ya jani, ule mstari mweusi mwembamba katikati ya njia ni choo chake.

Wanaotoboa ndio wananiumiza roho kuliko wote kwa sababu ukigundua umechelewa, mti ni wa miaka.

Anza na mnazi. Yule mdudu mkubwa mweusi mwenye pembe, pwani wengi wanamwita chonga, anaruka usiku anaingia kwenye moyo wa mnazi ambako makuti mapya bado yamefungwa hayajafunguka, anatoboa anapita katikati. Wewe huoni kitu. Baada ya muda kuti linafunguka ndiyo unakuta limekatwa pembetatu pande zote mbili utadhani mtu kakaa na mkasi. Kwa hiyo lile kuti lililokatwa linakuambia habari ya zamani, chonga aliyelikata pengine hayupo tena. Habari ya leo iko kwenye tundu lenyewe huko juu, ukiona nyuzinyuzi zilizotafunwa bado mbichi zinasukumwa nje ya tundu, yumo ndani, na wakwezi wanajua kumtoa kwa waya wenye ndoano. Lakini kiwanda chake hakiko mnazini. Mabuu yake yanalelewa kwenye magogo ya minazi iliyokufa na kuoza na kwenye marundo ya samadi, kwa hiyo ukiwa na mnazi uliokufa umesimama shambani miaka miwili mitatu unafuga chonga wa kijiji kizima. Pasua gogo moja uone mabuu meupe manene yaliyojikunja, pengine utayakuta mengi. Hayo mabuu hayana madhara kwa mnazi hai, yanakula kilichooza, ila yakipata mabawa ndiyo balaa.

Mkorosho nao una wa kwake, fukusi mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mrefu ambaye watoto wake wanaishi chini ya gome. Alama ni gundi nyeusi nyeusi iliyochanganyika na unga wa mti inavuja shinani. Gundi peke yake haitoshi, mkorosho unatoa gundi hata ukiukata panga, ila gundi pamoja na unga ni mdudu. Chubua gome pole pole utakuta njia zake na buu lenyewe, litoe. Mti ulioliwa shina lote kuzunguka majani yanageuka njano na kupukutika, huo afadhali ukatwe na shina libanduliwe gome na mabuu yauawe, usiuache umesimama maana utaambukiza mingine.

Kwenye shina la mti wowote lisome tundu. Tundu dogo sana la ukubwa wa ncha ya sindano, na mara nyingine kijiti chembamba cha unga kinachomoza, ni vimbawakavu vidogo wanaopenda miti iliyodhoofika kwa ukame au moto. Tundu la duara kubwa kiasi kwa kawaida ni la mbawakavu wale wenye papasi ndefu. Tundu lenye upande mmoja bapa na mwingine wa mviringo ni la mbawakavu wale wanaong'aa rangi ya chuma. Sasa tundu safi lisilo na unga mara nyingi ni mlango wa kutokea, mdudu ameshakua ameenda, kupulizia dawa humo ni kupoteza muda. Unga mpya, mweupe au wa rangi ya mbao mbichi, ndio unaokuambia kazi inaendelea. Fagia chini ya mti leo, kesho kutwa urudi, kama unga umeanguka tena una jibu. Na ukimsikia kigogota anagonga sana sehemu moja ya shina usimfukuze, ana sababu, anatafuta mabuu.

Kwenye kahawa kuna tundu moja maarufu, dogo, liko pale kwenye kitovu cha tunda, upande ule ua lilipokuwa. Likiwa hapo ni kimbawakavu anayeingia kwenye buni kutaga. Na kama mbuni mzima unanyauka, angalia shina karibu na udongo, kuna mwingine ambaye buu lake linatafuna kuzunguka shina chini ya gome, utakuta unga umerundikana hapo chini.

Mchwa wanatisha watu bure mara nyingi. Ile njia ya udongo inayopanda kwenye gome, ibomoe kipande, halafu kwangua gome hapo kwa kisu. Kama chini kuna ubichi wa kijani au mweupe mti ni mzima, mchwa walikuwa wanakula gome lililokufa. Wa kuogopa ni wale wanaoshambulia miche, hasa mikaratusi michanga, wanakata chini ya udongo, mche unanyauka ghafla na ukiuvuta unatoka mkononi bila mizizi.

Kwenye maembe, inzi wa matunda kutoka Asia aligundulika Kenya mwaka 2003 na haikuchukua muda akasambaa sehemu kubwa ya Afrika ya kusini mwa Sahara. Jike anadunga ganda la embe anataga humo, alama ya nje ni kijitundu cha sindano chenye tone la utomvu, baadaye panakuwa laini na kuoza, embe linaanguka. Likianguka funza wanatoka wanaingia udongoni kugeuka inzi, kwa hiyo embe lililolala chini siku tatu ni kosa kubwa. Yaokote kila siku, yafukie angalau nusu mita au yafunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki uuache juani. Yule fukusi wa kokwa yeye ni mwerevu zaidi, anataga embe likiwa changa, kidonda kinapona, unakula embe zima zuri ndipo unakuta kokwa imeoza na mdudu mweusi yumo. Usitupe hiyo kokwa shambani.

Halafu maji moto. Wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa kiota na kung'ata mkwezi, naona watu wanawachoma moto, na inaniuma. Hawa ni walinzi. Utafiti uliofanywa Zanzibar miaka ya 1950 ulionyesha minazi yenye maji moto inapona dhidi ya mdudu anayefyonza vidaka, yaani nazi changa, na kuvidondosha, na kwenye mikorosho wanamfukuza yule mbu. Ni kweli nao wanafuga wadudu gamba kwa ajili ya sukari, hilo lipo, lakini ukipiga hesabu kwenye mnazi na mkorosho faida ni kubwa kuliko hasara. Kwa hiyo kiota cha majani yaliyoshonwa ni alama njema. Tatizo lipo pale sisimizi wadogo wa kahawia wanaokaa chini kwenye udongo wakiwazidi nguvu, hao wanawapiga maji moto na mti unabaki wazi.

Ukitaka msaada wa bwana shamba usimpelekee picha moja ya mti mzima kwa mbali, hataona kitu. Piga mti mzima, piga tawi, piga jani juu na chini, piga shina pale penye tundu ukiweka kalamu au sarafu pembeni aone ukubwa, na kama umempata mdudu mtie kwenye chupa yenye spiriti.

Na kabla hujamlaumu mdudu hakikisha ni mdudu. Vidaka vya mnazi vikianguka, okota kadhaa. Kama vina mikwaruzo ya kahawia yenye mipasuko inayoanzia chini ya kile kikofia ni utitiri, ambao si mdudu kabisa na haonekani kwa macho. Kama vina vidonda vilivyobonyea na gundi imevuja, ni yule mfyonzaji ambaye maji moto wanamzuia. Kama vinaanguka vya ukubwa wote, mpaka vikubwa, na makuti ya chini yameanza kuwa njano yakifuatwa na ya juu, hapo huna mdudu wa kutafuta kwenye vidaka, mwite bwana shamba siku hiyo hiyo maana inaweza kuwa kunyong'onyea, ule ugonjwa unaoua minazi, na minazi ya jirani yako nayo iko hatarini.